Mlio Uliorudi Nyumbani

Siku ya uchaguzi Mama Pindo alifunga kibanda chake cha ushonaji mapema, akavaa gauni aliloshona kwa mkono wake, akapanga foleni kama watu wengine ingawa mmoja wa wagombea alikuwa yeye. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana hajawahi kumkabidhi mtu nguo ambayo pindo lake limekuja kuachia. Alikuwa anagombea udiwani, na alichoahidi kilikuwa kitu kimoja tu: mtaro. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia vibandani na kulowesha vitambaa vya watu.

Mashine za kupigia kura zilikuwa mpya, nyeusi, zimezibwa kila upande. Unabonyeza picha ya unayemtaka, mashine inalia piii, unakwenda zako. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti mpaka sauti ikamkauka kwamba mtu asitoke nyuma ya pazia kabla ya kusikia mlio, kwa sababu mlio ndio ushahidi kwamba kura imeingia. Mama Pindo alibonyeza picha yake, akasikia piii, akatoka. Mumewe, fundi viatu, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Naye akaingia, ikalia piii, akatoka akijipangusa mikono kwenye suruali.

Jioni matokeo ya kituo chao yakasomwa. Diwani aliyekuwepo, ambaye mtaa mzima ulimwita Diwani Kesho kwa vile hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali, alipata kura zote. Mama Pindo alipata sifuri.

Jamani, sifuri! Angepata hata chache angelia kidogo, akanawa uso, yakaisha. Lakini sifuri maana yake hata yeye mwenyewe hakujipa. Alirudi nyumbani hana pa kuweka uso, akaanza kuwapitisha watu kichwani: wateja waliomshika mkono, jirani aliyeongoza nyimbo za kampeni yake, mama yake mzazi. Kumbe wote walikuwa wanamchekea tu. Lakini hao angewavumilia. Aliyemkaa rohoni ni mumewe, kwa sababu huyo alilala naye kitanda kimoja na alijua mtaro ule ulivyomnyima usingizi.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani, hashoni, pale kitu kilipoingia mlangoni na kusema piii. Ulikuwa mlio. Mlio hauna umbo, kwa hiyo hakuona chochote, ila alijua ulipo. Ulivuka sakafu, ukapanda mguu wa cherehani, ukaingia kwenye droo ya bobini za uzi, ukatulia humo. Aliutambua hapohapo, kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake. Ulikuwa wa kwake, uleule wa asubuhi. Alizisogeza bobini pembeni ili upate nafasi.

Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa unalia. Kila kura iliyokataliwa na mashine ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Wa kinyozi ulikaa kwenye mkasi, wa muuza mkaa ukajichimbia guniani, na wa mama yake Mama Pindo ukalala chini ya mto wake. Bibi huyo alisema unamkatiza usingizi, lakini afadhali huo kuliko marehemu mumewe na mikoromo yake. Hata nyumbani kwa Diwani Kesho uliingia mmoja, ukajificha kwenye mkoba wa mke wake. Mke akasema ni simu, na Diwani hakutaka kuuliza zaidi.

Mama Pindo alizunguka mtaani na kikapu chake kana kwamba anatafuta nyanya. Alikuwa anasikiliza. Kila nyumba iliyolia alitamani kuingia akumbatie mtu. Penye kimya alisalimia vizuri tu na kupita. Yule jirani wa nyimbo za kampeni nyumba yake haikulia hata kidogo, ndipo akaenda kununua saa ya mezani yenye kengele, akawa anaibonyeza kila anapomwona Mama Pindo anakuja. Mama Pindo aliisifu ile saa.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwake. Wapiga kura wawili, mlio mmoja.

Alimwambia mumewe kwamba labda wa kwake umepotea njia. Mumewe akasema inawezekana, vichochoro vya siku hizi vinachanganya. Asubuhi moja, akiwa anatia uzi kwenye sindano, alisikia piii nyuma ya mlango. Ilikuwa nzito kidogo na mwishoni ikaishia kwenye kikohozi.

"Pole na kifua," alisema bila kugeuka.

Basi, mdogo wake Mama Pindo akaja na shauri la kwenda mahakamani. Huyu alikuwa mwalimu wa kompyuta, mtu mwenye maneno mengi na viatu vilivyochoka. Kabla ya uchaguzi yeye na walimu wenzake walikuwa wameandika programu huria ya kuhesabu kura, wakaipeleka bure, na maelekezo yake yote wakayabandika kwenye ukuta wa ofisi ya msimamizi ili yeyote ayasome, ayakosoe, ayarekebishe. Kamati ya uchaguzi ikawashukuru sana, kisha ikachagua mashine za kampuni. Wajumbe walihoji kitu ambacho kila mtu anakisoma kina usalama gani.

"Dada," mwalimu alimwambia, "mteja akija kuchukua gauni, si huwa analigeuza nje ndani aone mshono?"

"Asipoligeuza namgeuzia mimi."

"Hao wamekuuzia gauni lililoshonewa ndani ya sanduku, na ufunguo wameondoka nao."

Siku ya kesi watu walijaa mahakamani na milio yao, wengine mifukoni, wengine kwenye mikoba. Mke wa Diwani Kesho alikaa safu ya nyuma, mkoba ameukumbatia. Kampuni ilimleta bwana mmoja wa suti, ananukia vizuri, mpole kuliko maelezo. Alieleza kwamba maelekezo yaliyomo ndani ya mashine ni mali ya kampuni na ni siri. Wasimamizi hawaruhusiwi kuyaona, wala mahakama. Hata yeye hajawahi kuyaona, na jambo hilo alilisema kwa fahari. Mwalimu akauliza, sasa anajuaje kwamba zinahesabu sawa? Yule bwana akajibu kwamba hakuna aliyewahi kuzifungua akakuta kosa.

Matokeo yaliposomwa tena mpaka kwenye neno sifuri, ukumbi mzima ulilia piii kwa pamoja. Hakimu aliinua macho, akaiomba milio iheshimu mahakama, nayo ikanyamaza. Kisha mwalimu akaomba ihesabiwe. Bwana wa suti akasimama taratibu na mkataba wake mkononi, akasoma kwamba kila sauti inayotolewa na mashine ni mali ya kampuni, na namna ya kuihesabu ni siri pia.

Hakimu alitoa hukumu siku hiyohiyo. Alisema mahakama imeisikia milio na haina shaka nayo. Hata hivyo, mashine haifunguki, na kisichofunguka hakiwezi kuonyeshwa kwamba kimekosea, kwa hiyo sifuri ni halali. Wananchi wanaweza kuendelea kuishi na milio yao kama walivyoizoea, kwa sharti kwamba wasiifungue kuchungulia ndani. Watu walitoka, wakaagana mlangoni, kila mmoja akaenda kupika.

Njiani mumewe Mama Pindo alitembea nyuma yake, akiburuta kiatu kama cha mteja asiyelipa. Walipofika kibarazani akakaa kwenye kigoda chake, akachukua nyundo, akairudisha chini.

"Wangu haujapotea," alisema. "Nilimbonyeza yule mwingine."

Mama Pindo alijua, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili. Akashika nguzo ya kibaraza.

"Niliogopa ungeshinda," mumewe aliendelea. "Ungekuwa mtu wa vikao. Hapa kibarazani mimi ningebaki na nani?"

"Ungebaki na mtaro," alisema Mama Pindo, akaingia ndani.

Tangu hapo alimpakulia chakula, akampigia pasi mashati, ila maneno aliyabana. Aliyekuwa anazungumza naye ni ule mlio wa kwenye droo. Alikuwa anauuliza kama chumvi imetosha, nao unajibu, na mumewe anasikiliza kutoka kibarazani kama mpangaji. Mvua zikaja. Maji yakaingia vibandani, vitambaa vikalowa, Diwani Kesho akapita na mabuti marefu, akatazama, akasema lile neno lake. Mwaka mwingine ikawa vilevile. Milio ikazoeleka. Kinyozi alisema tangu apate wa kwake hajawahi kukata sikio la mtu, na mke wa Diwani alikuwa anaujibu kabisa, "Haloo," kisha anatoka nje kuzungumza.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, mwalimu alibandika tena karatasi zake kwenye ukuta wa ofisi. Kamati ikamshukuru tena. Msimamizi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba malalamiko ya wananchi yamefanyiwa kazi na kasoro iliyojitokeza mara iliyopita imeondolewa kabisa. Mashine zimenunuliwa upya, za kampuni ileile. Za safari hii hazilii.

Mama Pindo aligombea tena, kwa sababu mtaro ulikuwa bado haupo. Alipanga foleni, akabonyeza picha yake, kukawa kimya, akatoka. Mumewe alikuwa nyuma yake. Akaingia, akatoka akijipangusa mikono kwenye suruali.

Alasiri Mama Pindo alikuwa anamalizia sketi ya sare ya shule alipogundua kwamba cherehani halisikiki. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, gurudumu linazunguka, kitambaa kinasogea, lakini hakuna sauti. Alisimamisha mguu, akasikiliza. Ukimya ulikuwa umeingia na kukaa kwenye kanyagio. Hakuhitaji kuulizia ni wa nani, ulikuwa wa kwake, ule wa nyuma ya pazia. Kwenye droo mlio wa zamani ulilia mara moja kumpisha mgeni, ukatulia.

Kisha akatazama kibarazani. Mumewe alikuwa anapigilia kisigino. Nyundo ilikuwa inapanda, inashuka, msumari unazama, na hakukuwa na sauti yoyote. Fundi viatu naye alikuwa ameona. Alipiga tena, makusudi, kwa nguvu, akiwa anamtazama mkewe machoni. Kimya kabisa: safari hii wa kwake nao ulikuwa umerudi nyumbani.

Mama Pindo aliinuka, akatoka, akakaa kwenye benchi la wateja, karibu naye. Akamwambia neno. Halikusikika, ila mumewe alilisoma midomoni, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama Pindo akamwekea mkono mgongoni. Nje, mtaa wote ulikuwa umenyamaza. Mkasi wa kinyozi ulikuwa unakata bila kusikika, na watoto walikuwa wanakimbizana bila vishindo.

Kipaza sauti cha msimamizi peke yake ndicho kilichokuwa kinafanya kazi, kwa hiyo matokeo yalisikika vizuri kuliko mwaka wowote. Diwani Kesho, kura zote. Mama Pindo, sifuri.

Mumewe alimtazama. Mama Pindo alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mkono wake bado uko mgongoni kwa mtu wake. Halafu mawingu yakaanza kukusanyika upande wa kule yanakotokea siku zote, wakainuka wote wawili kwenda kuhamishia vitambaa rafu ya juu.