Jogoo Aliyeshinda Kideri

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita kijijini Igogwe kilifagia mabanda yote. Kwa mzee Ambindwile kilimbakiza jogoo mmoja wa kishingo, shingo tupu bila manyoya, ambaye hata chafya hakupiga.

Ndiyo maana mtafiti Shadya alifika juzi, akamkuta Tulia, mkamwana wa mzee, peke yake nyumbani.

"Mdogo wangu, nitunzie huyu. Keshokutwa nakuja kumtoa tone la damu, tusome vinasaba vyake tujue kinachomkinga. Tukikipata, tutarekebisha vinasaba hivyohivyo kwenye mbegu za uzazi za vifaranga wengine wakingali ndani ya yai, ili watakaowazaa wazaliwe na kinga. Ni kazi ya miaka, na huyu nitampima kila mwezi. Namtaka mzima."

Leo ndiyo siku yenyewe. Tulia, akichungulia kutoka migombani, akamwona mzee ameshika kisu, jogoo kwapani. Mume wa Tulia alimwambia mzee kwamba mgeni anakuja, akasahau habari ya jogoo; na mgeni gani wa Mnyakyusa huondoka bila kuku?

Wangekuwepo wengine wangemzuia, lakini mama mkwe alikuwa sokoni na mume shambani. Naye mkamwana, kwa mila, haongei na baba mkwe, wala hamtazami. Wengi siku hizi wameacha mambo hayo. Si mzee Ambindwile.

Kisu kikashuka kuelekea kile kishingo.

Tulia akajifunika kanga usoni. "We mgomba!" akapaza sauti. "Unajua kwamba mgeni anamfuata jogoo huyohuyo? Anamtaka hai!"

Kisu kikasimama. Mzee akageukia Mlima Rungwe.

"Mgomba, muulize anayekusemesha: mgeni wangu nimlishe nini, majani?"

"Mgomba, mwambie kuna mbalaga na maharage!"

"Mbalaga! Mgeni nimpe ndizi kama mtoto wa nyumbani? Watu watasema nini?"

"Watasema kuku wetu hawafi."

Loo! Amesahau kumtaja mgomba. Mzee akakohoa. Kisha kisu kikarudi kiunoni.

Shadya alipofika, mzee mwenyewe ndiye aliyeshika mabawa sindano ikiingia.

"Na hao mtakaowarekebisha, watawika?"

"Watawika, baba. Tunatafuta kinga tu."

"Haya. Ila utusamehe, mwanangu, leo hakuna kuku mezani."

Shadya akacheka, huku akifunga kichupa chake. "Baba, sijawahi kunyimwa kuku nikafurahi hivi."