Arobaini Haipo

"Tia sahihi hapa, Bi Irmhild," alisema Bwana Rüdiger, mwenye karakana. "Imeandikwa tu: tunaomba radhi, kosa la fundi. Yaishe."

Irmhild Sattler hakuigusa karatasi. Miaka thelathini na moja alikuwa akirekebisha lenzi hapa mjini Wetzlar, na leo damu ilimchemka. Mbele yake Daktari Ebbinghaus alikuwa ametandaza picha za harusi ya bintiye: bibi harusi ukungu mtupu, na nyuma yake makoti yaliyotundikwa ukutani yanaonekana mpaka vifungo.

"Lenzi umeiharibu wewe ulipoirekebisha," alisema daktari.

Irmhild aliifunga lenzi hiyo kwenye kamera ya daktari, akampa.

"Chungulia. Zungusha pete ya lenzi polepole."

Pete ikalia ta.

"Mistari ya mipaka ya picha imehama," alikiri daktari.

"Hiyo ni milimita thelathini na tano. Ukiendelea utafika hamsini, ukirudi nyuma ni ishirini na nane. Lenzi tatu ndani ya moja. Kamera hii haichungulii kupitia lenzi, daktari. Inategemea chuma kidogo huku nyuma kinachoiambia mtu yuko umbali gani, na chuma hicho husema kweli pete ikikaa kwenye namba tu. Harusini uliiweka wapi?"

"Kwenye arobaini hivi. Hamsini ilikuwa inamkata mkwe wangu kichwa."

"Arobaini haipo. Hapo katikati unapimiwa uongo."

Daktari alianza kuzikusanya picha zake, masikio mekundu. Irmhild alimgeukia Rüdiger akingoja neno la kumtetea, hata moja.

"Bi Irmhild, daktari ni mteja wetu wa siku nyingi," alisema Rüdiger kwa upole. "Karatasi tu hii."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi siandiki uongo."

Rüdiger akachukua kalamu, akatia sahihi mwenyewe. Na yule daktari, aliyeujua ukweli wote, hakuona haya: aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akashukuru.

"Kosa la fundi yupi?" aliuliza Irmhild.

Katika karakana ile fundi alikuwa mmoja.

Alivua aproni, akavaa koti, akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye benchi, lenzi ya mteja mwingine ilikuwa imefunguliwa, vioo vyake vinane vimelazwa juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake.