Mvinyo Mweupe kwa Nicodemus

Jumamosi jioni Selpha alikuwa jikoni kwake Otonglo akikunja enchilada. Chapati alikuwa amezisukuma nyembamba, karibu uone mkono upande wa pili. Ndani alitia mbuta aliyetolewa mifupa na kamba wa baharini kutoka duka la Shilpa, akaviringisha, akamwagia rojo la nyanya na pilipili, jibini juu, kisha oveni. Chakula hicho mumewe Nicodemus alikiona kwenye simu, akaahidi kuleta samaki wa kukipikia. Akaenda ziwani, akazama.

Mwili haukuonekana. Nyumbani kwao wakazika yago, lile tunda refu linalolazwa kaburini badala ya mtu aliyebaki majini. Tangu mazishi, Nicodemus huja jua likizama, maji yakimchuruzika, akiuliza kumepikwa nini. Kaburini hawezi kwenda, kumelala tunda. Selpha humtandikia gunia mlangoni asiloweshe sakafu.

Leo alikuwa amemwalika Mathews, mwenye boti aliyozama nayo Nicodemus, pamoja na majirani tele, Elsie akiwa wa kwanza, maana Otonglo jambo ambalo Elsie hajalisikia bado halijatokea. Alitaka kitu kimoja tu: Mathews alete wapiga mbizi wamtoe mumewe, tunda lifukuliwe, mwenyewe alale pake. Kila akimwomba, Mathews alisema ziwa ni kubwa, wataanzia wapi?

Mathews alikuja na chupa ya mvinyo mweupe. "Samaki huendana na mweupe," akawafundisha. "Mwekundu ni wa nyama. Mtaua ladha."

"Sisi huku tunaua njaa, Bwana," Elsie akasema, akisogeza gilasi yake.

Nicodemus aliingia oveni ikifunguliwa. Watu wakasongeana kwenye kochi, akapata nafasi.

"Nico, umepotea sana," Mathews akasema.

"Nipo, bosi. Kule chini kuna baridi tu. Hakuna mwekundu?"

"Na samaki? Hapana, bwana." Akammiminia mweupe.

Selpha akaona wakati umefika. "Baba Shantel, mwambie Bwana mahali ulipo. Wote wasikie."

"Ukitoka Port Victoria, acha kile kisiwa cha mawe kushoto," Nicodemus akasema, akitafuna. "Maji yakigeuka meusi, ni hapo. Nimeegemea injini."

Mathews akaweka uma chini. "Injini ni nzima?"

"Ina matope kidogo."

"Na zile jaketi za kuelea?" Elsie akauliza, chapati mdomoni.

"Ziko stoo," Mathews akajibu. "Mpya kabisa. Wavuvi wakienda nazo wanazichafua."

Majirani wakatikisa vichwa, wakaomba kuongezwa.

Jumatatu wapiga mbizi walishuka. Elsie alileta habari mbio, kanga ikimdondoka: wamepata! Selpha akapiga pasi suti ya Nicodemus, akampigia shemeji yake simu waanze kufukua yago.

Jua lilipozama, mlango ukabishwa. Nicodemus alikuwa amesimama juu ya gunia, maji yakimchuruzika.

"Injini wamechukua," akasema. "Mimi wamenisogeza kando. Lakini polepole, Mama Shantel. Hawakunisukuma."

Selpha akampigia shemeji, akamwambia warudishe udongo. Suti akaitundika kabatini. Zilikuwa zimebaki enchilada mbili, akazipasha. Kwenye chupa ya Mathews mlikuwa na mvinyo kidogo. Aliumimina kwenye sufuria, akauchemsha kama chai, akampelekea mumewe anywe ungali moto.