Ngoma ya Sikio la Kaka

Mimi nina mdomo, sikatai. Hata wateja wa kibanda changu cha kuwamba ngoma wananiita Kidomo, na bado wanarudi, kwa sababu ngoma zangu zinalia. Lakini mdomo huohuo ndio ulionikosesha kaka.

Siku ya maziko ya mama, mbele ya watu wote, nilimwambia kaka yangu: "Bora ungekufa wewe." Uchungu tu ulinituma. Akavaa viatu vyake, akaondoka. Miaka sita hatukusemezana, na miaka yote hiyo neno "nisamehe" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi Jumanne asubuhi namwona huyo anaingia, penseli yake ya useremala nyuma ya sikio. Moyo ukanilipuka, paa! "Kaka!" nikapiga kelele. Hakugeuka. Akajipanga nyuma ya kiongozi wa bendi aliyekuja kuchukua ngoma ya harusi, akasubiri zamu yake kama mteja mwingine. Ilipofika, akanipa karatasi ya hospitali.

Nikasoma: masikio yote mawili, ngoma ya sikio imetoboka.

"Tobo huku, tobo huku," akasema kaka kwa sauti ya juu, maana hata yake mwenyewe haisikii. "Zimetobokaje si kazi yako. Wewe wamba. Nataka ngozi ya mbuzi. Ya ng'ombe nzito, nitakuwa nasikia mambo makubwa makubwa tu."

Nikacheka, kisha nikakasirika, nikalalamika kwa sauti. Jamani! Miaka sita namwomba Mungu amlete, kaja kiziwi! Sasa msamaha nitamwomba vipi? Nimwandikie? Tusi lile sikuliandika, nililisema. Msamaha nao sharti usemwe.

"Muwambie tu hiyo ngozi, kisha utamwambia, mama," akasema kiongozi wa bendi, "mwenye masikio ndiye ameomba. Ila anza na ngoma yangu."

"Wewe hebu nyamaza!"

Nikaamua kumwelewesha kaka kwa vitendo. Nikamwaga kiganja cha mchanga juu ya ngoma ya harusi, nikapiga: pu! Chembe zikaruka. Nikamwonyesha kwa vidole: ngozi inatetemeka, inasukuma hewa, hewa nayo inakuja kutetemesha kingozi kilichomo sikioni, ambacho ni chembamba kuliko ganda la kitunguu. Hicho mimi siwezi kukiwamba.

Kaka akautazama mchanga kwa makini.

"Hawa wanaruka kwa sababu wanasikia," akasema. "Mimi siruki. Ndiyo maana nimekuja."

Kiongozi wa bendi akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hoja imepita.

Kisha kaka akaanza kukagua kazi yangu. Ana tabia ya kuuma mbao ili ajue kama imekauka. Akainama, akauma ukingo wa ngoma.

"Mbishi," alisema bila kuachia meno. Sijui alikusudia mbichi au mbishi, yote mawili yaliniudhi. Nikaizaba ngoma kofi la hasira.

Kaka akaruka.

"Nimesikia!"

Hapo nikaelewa. Mtetemo umepita kwenye mbao, ukaingia menoni, ukapanda taya hadi mfupa wa kichwa, ukafika ndani kabisa ya sikio bila kupitia ile ngoma iliyotoboka. Umeingia kwa mlango wa uani.

"Sema kitu," akaamuru, akauma tena, akafumba macho.

Nikaweka mdomo karibu na ngozi. "Hujambo?"

"Shijambo."

"Mvua bado haijanyesha!"

"Njiyo."

"Na mbao imekauka!"

"Mbishi."

Mimi, Kidomo, nikaanza kupangusa mchanga uliobaki ngozini. Kiongozi wa bendi akatazama saa, akasema bibi harusi anasubiri.

Nikavuta pumzi. "Kaka, nisamehe! Nilisema bora ungekufa wewe. Nilisema uongo! Nimekukosa miaka sita!"

Ngoma haitunzi siri. Mtaa mzima ulisikia, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akasimamisha mashine yake. Kaka akayatoa meno polepole, akajipangusa mdomo.

"Neno la kwanza halikuingia vizuri," akasema. "Rudia."

Akauma tena, nikarudia. Akasema rudia. Mara ya nne kiongozi wa bendi, naye kamasi zinamtoka, akaninong'oneza, "Mama, huyu amesikia tangu mara ya kwanza."

Nilijua. Nikarudia ya tano.

Hapo kaka akaufuta ukingo kwa shati lake, akaugeuzia kwangu. "Zamu yako. Uma."

Mimi masikio yangu ni mazima, hata sisimizi akipita namsikia. Nikauma.

Akaweka mdomo kwenye ngozi. "Nimekusamehe, mjinga wewe," akasema, na meno yangu yote yakatetemeka.