Mkono Uliokuja Mtupu

Mtaani kwetu, nyumba yenye mtoto mchanga haipigwi hodi. Hodi humwamsha mtoto, na mama yake ndiyo kwanza amepata usingizi. Tunachofanya ni kutoa kioo kimoja cha dirisha lililo kando ya mlango. Jirani anapitisha mkono, anavuta komeo, anaingia taratibu. Kwanza lakini huweka dirishani alicholeta: chupa ya supu, nepi alizotufulia. Hiyo ndiyo hodi yetu.

Binti yangu alikuwa na siku tisa tangu ajifungue kwa kupasuliwa. Siku mbili mfululizo nilisikia mtu akipita nyuma ya nyumba, anasimama, anaondoka. Siku ya tatu, saa nane mchana, niliona kivuli chake ukutani. Nikapiga simu kituo cha polisi.

"Gari limetoka, bibi. Likirudi tutakuja."

"Litarudi lini?"

"Wewe jifungie tu."

Nijifungie, na mlango unafunguliwa kwa nje! Nilijaribu kusukuma kabati lizibe mlango, likanishinda. Binti yangu hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Nilikuwa nanyoosha nepi kwa pasi ya mkaa, basi nikaichukua, nikasimama kando ya dirisha.

"Mama," binti yangu akanong'ona, "huenda ni Mama Miwani."

Mama Miwani ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Supu yake ndiyo iliyomrudishia binti yangu nguvu.

"Kama ni yeye nitajua."

"Na usipojua? Utamuunguza mtu aliyekuja kutusaidia."

Hilo lilinitisha kuliko mwizi mwenyewe.

Nyayo zikafika. Nikangoja kitu kiwekwe dirishani. Hakikuwekwa. Mkono ukaingia mtupu, ukipapasa. Hata hivyo nikaona niulize.

"Umeleta nini, mwanangu?"

Mkono ukatulia. Kisha ukaanza tena kutafuta komeo, safari hii kwa pupa.

Nikaugusa na pasi. Sikukandamiza. Mtu akaguna kama aliyejikwaa, mkono ukachomoka, nikasikia mbio. Nilipochungulia, palikuwa na vumbi tu.

Polisi walikuja kesho yake saa nne, vijana wawili wenye adabu. Mmoja alimbeba mtoto ili binti yangu aeleze vizuri. Mwenzake akalitazama lile tundu.

"Bibi, nani anajua mkono unapita hapa?"

"Mtaa mzima."

Akaniangalia, akafunga daftari. Nikaelewa. Mgeni asingejua komeo liko wapi.

Siku hiyo hiyo seremala akaziba tundu kwa ubao. Tangu hapo nasalimia watu huku nikiwatazama mikono, na Mungu anisamehe. Jioni ile ile mlango ukagongwa, mtoto akaamka akilia.

"Nani?"

"Nani mwingine? Ni mimi," akasema Mama Miwani.

"Sogea dirishani nikuone."

"Mwenzangu, sauti yangu umeisahau tangu jana?"

"Sogea tu, dada yangu."

Akasogea. Akajizungusha mbele na nyuma kama anayepimwa nguo. "Umeridhika, au nivue miwani?"

Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima, imeshika chupa ya supu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuitazama, na kesho nitaitazama tena. Nikavuta komeo.

"Ingia," nikamwambia. "Umemwamsha, sasa umbembeleze mwenyewe."

Akampokea mtoto, akambembeleza mpaka supu ikapoa.