Ufa wa Sebuleni

Usiku wa jana niliota nimetumwa kupima miamba, na miamba yenyewe ilikuwa sebule ya kwetu Tukuyu. Ilikuwa imesimama kwenye ukuta wa bonde, imejipanga kwa matabaka: chini udongo, juu yake sakafu nyekundu ya mama, kisha mkeka, kisha vumbi. La zamani chini, jipya juu. Niliona ni sawa tu.

Sakafu ilikuwa imepinda kama godoro lililokunjwa. Nikaweka dira juu yake nipime mwinamo.

"Shikamoo," dira ikaiamkia sakafu.

"Marahaba. Pimeni taratibu, nina maumivu."

Nikaiuliza, kama tunavyojiuliza juu ya mwamba wowote, ilisukumwa kutoka wapi.

"Kutoka chumbani. Mzee alipougua nilisukumwa kidogo kidogo, nikapinda. Kupinda si shida. Ile simu ya alfajiri, kutoka hospitali, ndiyo iliyonivunja."

Naijua alfajiri hiyo, ya miaka minne iliyopita. Mimi nilipata habari nikiwa kambini, mbali, nikiwafundisha wanafunzi kupima miamba, na nilipofika walikuwa wameshazika. Kila mtu anasema si kosa langu. Bado inaniuma.

Natazama, kweli sakafu imekatika. Nusu ipo miguuni pangu, nusu imeteremka chini kabisa, na juu ya nusu ile ameketi baba yangu, Mzee Anyosisye, anakoroga chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Tumpale. Chai bado ya moto. Shuka tunywe."

Hakuna kitu nilichokitaka zaidi. Lakini huwezi kuvuka ufa kabla ya kuupima: unatafuta tabaka lilelile pande zote mbili, unapima limeteremka kiasi gani. Nikateremsha futi ya kupimia.

"Miaka minne," futi ikasema.

"Nataka mita."

"Mita hazipo."

Nyundo yangu ikashuka yenyewe, ikajilaza karibu na miguu ya baba.

"Hii inataka nini?" baba akauliza.

"Inasubiri picha. Bila nyundo pembeni, watu hawajui ukubwa wa kitu."

"Basi piga." Akanyoosha kola. Nikapiga. Picha ikatoka nyundo peke yake.

Nyundo ikapanda tena, ikaanza kunipima begani. Nikaelewa kwamba sampuli ya kung'olewa ni mimi.

"Ngoja kwanza!" baba akaifokea. "Tumpale, si wewe uliyeniambia jiwe haling'olewi kabla ya kuchorwa mshale?"

Ndiyo, ni mimi. Likizo moja alinisindikiza machimboni, akanishikia kalamu kutwa nzima, anafurahi kama amepewa cheo. Sasa akainua mkono na kalamu ileile, ukanifikia. Sikuuliza kwa nini mkono unafika na mimi siwezi kushuka.

"Haya," akasema akichora. "Ukitaka kurudi, utajua ulikuwa umekaaje."

"Baba, chai..."

Nyundo ikagonga mara moja. Nikang'oka.

Nimeamka na mshale mweusi nyuma ya kiganja. Mkia wake umetetemeka, kama mwandiko wa baba wa miezi ya mwisho.

Wanafunzi wangu wote wanajua kwamba mshale mtupu hauna kazi. Lazima uandike pembeni kama unaonyesha juu au kaskazini. Baba hakuandika.

Tangu asubuhi nipo kitandani. Nalala ubavu huu, nalala ule, naugeuza mkono, natafuta nilikuwa nimekaaje.