Kiti cha Mfupa

Peninah alifunua fuvu la plastiki kama mtu anayefunua sufuria kuona iwapo wali umeiva. Loice alichungulia ndani, mkono mmoja ukiwa tumboni, mahali ulipokwisha kuzoea kukaa.

"Tazama hapa, dada," alisema muuguzi huyo, Mkenya mwenzake, aliyeitwa na daktari amweleze kwa lugha yao. "Hii ndiyo sakafu ya fuvu. Hapa katikati, nyuma ya pua, kuna kiti kidogo cha mfupa. Tezi inayokaa humo haizidi punje ya minji, lakini ndiyo inayoamrisha mwili. Yako imeota uvimbe. Juu yake hupita mishipa ya macho, na uvimbe unaisukuma. Ndiyo maana huoni vizuri pembeni."

"Na mtoto?"

Peninah alirudisha kifuniko cha fuvu taratibu. "Hakuna mtoto, dada. Huo uvimbe ndio umefunga hedhi yako. Maziwa pia umeyaleta wenyewe."

Loice alikuwa amepima mapema kwa kipimo cha duka la dawa, kikamwambia hapana, naye akalia weee mpaka akachoka. Kisha asubuhi moja, akikunja mashuka hotelini, sare yake ikalowa kifuani. Cherotich, jirani yao pale Najma, mtaa wao huku ugenini, mama wa watoto wanne waliobaki Kericho, alimkamua kidogo kwa vidole, akaona tone jeupe, akapiga vigelegele hadi ghorofa ya juu wakagonga sakafu. "Kipimo ni cha Wachina," alisema. "Titi nalo litamdanganya nani?"

Tangu hapo kila kitu kikawa mimba. Kichwa kikimuuma, mimba. Akigonga bega kwenye mwimo wa mlango, wanawake wanacheka: mimba imemlevya! Mutai, mumewe, alimpigia mama yake simu, na bibi huyo akaanza kuwaza ni yupi kati ya wazee waliotangulia atakayerudi kwa mtoto huyo, apewe jina lake. Walimtaka mno mtoto yule, masikini, na nani awalaumu?

"Si kisu, ni vidonge tu," Peninah aliendelea, akimshika mkono. "Uvimbe utanywea, macho yatarudi sawa, maziwa yatakauka. Baadaye, Mungu akipenda, unaweza kushika mimba ya kweli."

Katika maneno yote hayo, Loice alisikia moja tu: yatakauka. Hakuwahi kuwa na kitu kingine chochote cha mtoto ila hayo maziwa.

Alipofika Najma, Mutai alikuwa bado kazini. Cherotich alimkuta mlangoni na kikombe cha uji wa wimbi, unga uliosafiri kutoka nyumbani ndani ya begi la mtu.

"Wamesemaje huko?"

"Wamenipa dawa."

"Ya nini?"

Loice alikitazama kidonge kiganjani. Kilikuwa kidogo mno. "Ya kichwa," alisema.

"Basi imeze na huu uji, mama. Umalize wote. Nimeupika mahsusi, maziwa yaongezeke."

Loice alikiweka kidonge ulimini, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Cherotich alisimama mbele yake akimtazama kwa furaha mpaka uji ukaisha. Kifuani, nguo ilikuwa imelowa tena.